Aliyesifia Asichokisoma

Mbele ya lifti ya jengo la ofisi, asubuhi ya msongamano, historia ilimkanyaga msichana kidole cha mguu. Historia hiyo ilikuwa bwana mmoja aliyevaa viatu vyenye ncha na shati lililopigwa pasi hadi likakata tamaa.

"Pole, mrembo."

"Pole hainirudishii kidole."

"Basi nipe namba, niwe nakijulia hali."

Wiki nzima kidole kilipigiwa simu. Mwenye kidole alikuwa msanifu wa tovuti. Mpigaji, meneja masoko wa kampuni ya maji, aliitwa Tausi kwa kupenda kujipamba. Mapenzi yakanoga. Kisha kampuni ya Tausi ikaipa ofisi ya msanifu kazi ya kutengeneza tovuti ya kulipia bili, na hapo ndipo shetani alipochagua rangi.

"Mpenzi, nataka herufi za kijivu hafifu juu ya weupe. Kistaarabu."

"Laazizi, hazitasomeka."

"Wewe tengeneza tu. Ustaarabu niachie mimi."

Akatengeneza. Siku ya kuonyesha kazi, wakubwa waliukodolea macho ukuta uliomulikwa ukurasa ule.

"Mmesoma?" msanifu akauliza.

"Neno kwa neno!" Tausi akajibu. "Maneno matamu." Mkurugenzi naye akaafiki kwa kichwa, taratibu, kama jaji.

Msanifu akabonyeza kitufe. Herufi zikawa nyeusi tii: ANAYESIFIA MANENO HAYA HAJAYASOMA.

Tausi alitoka bila kuaga, akazima simu. Bosi wa msanifu akafoka, "Omba radhi, la sivyo kazi huna!"

"Siombi. Mtu akishindwa kusoma bili yake akakatiwa maji, nani atamwomba yeye radhi?"

Akaenda kulia chooni. Lakini hakuomba.

Kesho yake Tausi alimsubiri kwenye ngazi, macho mekundu.

"Ulinidhalilisha."

"Ulidanganya."

"Ni kweli. Leo nimemwambia mkurugenzi sikuona hata herufi moja."

"Akasemaje?"

"Alifunga mlango kwanza. Kisha akasema hata yeye."

Msanifu akacheka bila kutaka.

"Herufi zinabaki nyeusi," Tausi akasema, "na bosi wako ameambiwa kazi yako ipo. Halafu... nataka kukuoa."

"Unanong'ona nini? Sema kwa sauti."

Akasema, hadi mhasibu wa ghorofa ya juu akachungulia. "Jamani, amekubali?"

"Nimekubali," msanifu akajibu, kidevu juu. "Ila radhi siombi."