Jini Lililosingiziwa

Usinibenulie mdomo. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Wenzako waliokaa mkekani siku ile walikuja wanacheka hivyo hivyo.

Shufaa, binti wa marehemu kaka yangu, aliuawa na mumewe Mtoro kwa mchi wa kinu, uani kwao hapa Bagamoyo, jua likiwa utosini. Mahakama ikamtia hatiani. Nikadhani sasa watu watamlilia marehemu. Thubutu. Sokoni walimlilia muuaji. "Maskini kijana wa watu, alipandwa na jini." "Mkono wake, akili siyo yake." Hata Wahida, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyefuturu kwa Shufaa kila Ramadhani, akaniambia, "Shukuru, Bi Ashatu. Jini lile lingeweza kuua wengi."

Nikamuuliza, miaka yote Mtoro alipokuwa akimpiga mkewe, hilo jini lilikuwa likizo?

Kisha kinu kikaanza kutwanga. Mchi walishauchukua polisi kuwa kidhibiti, haukurudi. Kinu kimelazwa ukutani, kitupu. Lakini kila adhuhuri, du, du, du, na harufu ya udi hali hakuna aliyefukiza.

Mwanahija, mama yake Mtoro, akafurahi. "Mmesikia? Ndilo hilo." Akamleta Khamis, fundi wa kupunga majini, kutoka Makurunge. Na kiti, yaani wa kupandwa, akamchagua Dija, mtoto wa Shufaa mwenyewe, yuko darasa la nne. Jini likiri kwa mdomo wa mtoto kwamba ndilo lililoua, mtaa mzima umsafishe Mtoro. Nilipopata habari nikatoka Kaole siku hiyo hiyo kumfuata mjukuu wangu.

Nikakuta wanawake wa mtaa wamejaa mkekani pale pale uani, Wahida akiwamo, na Dija wameshamfunika shuka jeupe, chano mbele yake: mayai, halua, asali, marashi.

"Shikamoo, bibi," akasema Dija chini ya shuka, sauti ndogo.

"Marahaba. Vua hilo shuka twende."

"Mwache, Bi Ashatu," Mwanahija akaninong'oneza. "Limeshalamba asali. Ukimwondoa sasa atabaki nalo."

Hapo ndipo alipokosea. Jini likishakula chano chake halisemi uongo, wala haliondoki bila kujibiwa. Mwanahija alidhani amenunua shahidi.

"Asalaam aleikum, mgeni," akasema Khamis. "Wa bara au wa bahari?"

"Wa hapa hapa uani." Sauti ilitoka chini ya shuka, lakini ilikuwa ya mtu mzima, kavu kama makumbi ya nazi.

"Sema ulivyomfanya Shufaa," Mwanahija akanong'ona.

Udi ukatuzidi mpaka macho yakatiririka, na ndani ya udi ule mlikuwa na harufu nyingine, ya damu iliyokauka juani, na kinu kikabingirika chenyewe kutoka ukutani, kikapita katikati ya wanawake waliokunja miguu mkekani wasithubutu hata kuivuta, kikasimama wima mbele ya Wahida, na ile sauti ikasema taratibu, bila hasira, kama mtu anayehesabu nguo za kufua: "Nilikuwa nimelala ndani ya kinu, akaniamsha kwa kilio. Akaita, Wahida, nifungulie. Wahida ukafunga dirisha. Akaita, mama, wewe mkwe wake ukaongeza redio. Mimi sina mikono. Nyinyi mlikuwa nayo. Nani aliyemuua?"

Wanawake wakainamia mkeka.

"Nauliza. Nani?"

"Lijibuni," nikasema. "Jina moja tu, limwache mtoto."

Wahida akafungua mdomo, akamtazama Mwanahija, akaufunga. Khamis alishaanza kukusanya vyetezo vyake.

"Majini waongo," akasema Mwanahija.

Shuka likatikisika. Dija akalifunua mwenyewe, jasho linamtoka, akasema kwa sauti yake, ile ya kitoto, "Ni baba."

Jini likamwacha hapo hapo. Wao halikuwaacha. Du, likaanza tena, mbele ya magoti ya Wahida, du, na mkeka wote ukawa unaruka.

"Bi Ashatu," Mwanahija akaning'ang'ania kanga, "tufanye nini?"

"Mtoto wa darasa la nne ameshawaonyesha."

Mpaka leo hawajalitaja jina lile, na mpaka leo linatwanga. Nikamshika Dija mkono, nikatoka, nikaufunga mlango.