Mechi Alizopewa Mukhisa

Jumatatu hiyo Wabwile alifungua kompyuta ya ghala akakuta mtu amemmalizia kazi yake.

Si kazi ya tajiri. Ya tajiri ilikuwa kuhesabu magunia ya mbolea na mbegu za mahindi pale Kitale, na hiyo aliimaliza kila siku saa kumi na moja jioni bila kosa. Baada ya hapo ndipo alipotoa disketi mfukoni, akaisukuma kwenye mashine na kufungua jedwali lake la kadi. Mechi zote za ligi alizoziona au kusimuliwa tangu mwaka wa 2000 zilikuwamo, kuanzia Saboti mpaka Sirisia: timu, refa, kadi za manjano, kadi nyekundu, dakika, na safu ya mwisho ya sababu. Wenzake walibashiri mabao. Yeye alibashiri kadi, maana alikuwa amegundua jambo ambalo wengine hawakujisumbua nalo, kwamba kadi haitoki kwa mchezaji bali kwa refa. Ukimjua refa, kadi zake utazijua.

Sasa mechi ya Sirisia ilikuwa imeahirishwa kwa sababu ya mvua, ichezwe Jumatano. Lakini safu zake zilikuwa zimejaa. Manjano nne, nyekundu moja dakika ya sabini na tatu, sababu: beki amemtukana mshika kibendera. Wabwile alijikuna kichwa, akajiambia huenda Ijumaa aliandika upuuzi kwa usingizi. Jumatano mechi ikachezwa. Zikatoka manjano nne, na dakika ya sabini na tatu beki akamtukana mshika kibendera.

Hapa lazima nilitaje kosa lake, na lilikuwa kosa la mtu mwenye akili, ambalo ndilo baya kuliko yote. Marefa walitangazwa asubuhi ya mechi, na jedwali lake halikukubali kukokotoa kitu kama safu ya refa iko tupu. Basi kila Ijumaa alijaza jina moja la kushikia nafasi, jina la refa aliyemjua vizuri kuliko wote: Mukhisa wa Sirisia. Alikuwa na mechi zake mia moja na kumi na mbili. Alijua mpaka mazoea yake, kwamba kabla ya kutoa kadi Mukhisa alipapasa mfuko wa kifuani mara mbili, kama mtu anayehakikisha nauli yake bado ipo.

Tatizo ni kwamba Mukhisa alikuwa amekufa. Mwaka uliotangulia, akitoka kuchezesha mechi, mto uliofurika ulimchukua, na mwili haujaonekana mpaka leo. Wabwile alijua. Alichanga hata pesa za matanga. Ila kumfuta marehemu ilikuwa kupoteza mechi mia moja na kumi na mbili, na moyo ulimkatalia. Kwa hiyo wiki baada ya wiki, kwa mkono wake mwenyewe, alimpangia mfu mechi.

Na mfu akaanza kuja kazini.

Wiki zilizofuata safu zilijaa zenyewe, na hazikukosea hata moja. Munene, mwenye bucha aliyekuwa akishika madau ya mji mzima, aliacha kumwita kwa jina, akawa anamwita Profesa, bila kucheka. Refa mmoja aliulizwa na wachezaji kwa nini ametoa nyekundu kwa kosa dogo namna ile. Akasema hajui, ni mkono tu ulikwenda wenyewe kifuani, mara mbili. Wabwile alikuwa amesimama karibu na akalisikia hilo. Lakini Ijumaa akaliandika jina tena.

Msimwone mwenye tamaa. Alikuwa mpweke. Chumba chake kilikuwa nyuma ya ghala, kitanda na jiko la mafuta. Mkewe Nangila alikuwa nyumbani Bumula, kwa mama yake Wabwile, na mimba ya miezi minane. Walikuwa wamemzika binti yao wa kwanza, Joy, akiwa na miezi minane vilevile, na tangu siku hiyo Wabwile hakujua tena namna ya kukaa katika nyumba ile. Kila mwezi alisema atarudi akishapata cha kufungulia duka la mbegu. Cha kufungulia duka alikipata mwezi wa tatu. Sasa ulikuwa mwezi wa saba.

Kitale wakati huo wa mwaka mvua hupiga alasiri. Ikipiga mabati ya ghala husikii mtu. Hata hivyo Wabwile alianza kusikia njumu, viatu vya mpira vyenye meno ya vyuma, zikitembea taratibu kwenye saruji katikati ya magunia na kusimama nyuma ya kiti chake. Kisha ilikuja harufu ya dawa ya kuchua misuli, na chini ya hiyo harufu ya matope ya mto. Mara ya kwanza alikimbia. Mara ya nne aliuliza, "Jumamosi unaionaje?" Mwezi ulipokwisha alikuwa akimmiminia chai.

Sally, mama aliyefagia ghala, ndiye aliyevikuta vikombe viwili. Kimoja kilikuwa kimejaa mpaka ukingoni na juu yake pana jani la nyasi bichi.

"Wabwile, unakaa hapa na nani?" aliuliza polepole.

"Na kazi tu."

"Si nimekusikia ukicheka jana. Ulikuwa peke yako na ulikuwa unacheka." Alikiweka kikombe chini mbali na mwili wake. "Hilo ni jini, na limekuzoea. Rudi kwa bibi yako, bana. Jini halipendi mtu mwenye watu."

Alimjibu kwamba atarudi mwisho wa mwezi. Alikuwa akisema hivyo kila mwezi.

Alhamisi iliyofuata stima zilipotea saa tisa. Kompyuta ilizimika, taa zikazimika, na Wabwile alikuwa amekaa akisubiri mvua ipungue pale printa ya zamani iliyo kwenye kona, isiyo na umeme, wala haijatiwa karatasi tangu asubuhi, ilipoanza kukwaruza, ikaenda kulia, ikarudi kushoto, polepole kama mtu anayeandika kwa kufikiria, na harufu ya dawa ikajaa ghala lote mpaka macho yakamchoma, na njumu zikatoka mlangoni zikaja hatua kwa hatua hadi mgongoni pake zikakoma, na yeye asiweze kugeuza shingo wala kumeza mate wala kulikumbuka hata neno moja la sala aliyofundishwa na mama yake, akabaki kuitazama karatasi ikijisukuma nje mstari kwa mstari mpaka ikakatika ikaanguka miguuni. Nyuma yake filimbi ikalia mara moja, fupi.

Alipoweza kuinama, aliiokota. Ilikuwa na mistari miwili.

Wa kwanza: Ghala, Kitale. Wabwile. Manjano. Sababu: kupoteza muda.

Wa pili: Bumula. Mchezaji mpya. Jina bado halijasajiliwa. Refa: Mukhisa.

Aliusoma ule wa pili mara nyingi. Hofu yote aliyokuwa nayo kwa nafsi yake ilimtoka ikahamia Bumula, kwenye tumbo la Nangila. Mmoja alikuwa amekwisha kumzika. Wa pili hangeweza.

Kesho yake hakwenda kazini. Alikwenda Sirisia kwa Nakhungu, mama yake Mukhisa, akamkuta mlangoni anapukuchua maharagwe. Alipiga magoti akamweleza yote, hata vile vikombe vya chai. Alitegemea kufukuzwa. Mama mzee aliweka maharagwe kando.

"Amekonda?" aliuliza.

"Sijamwona, Kukhu," alijibu, akimwita nyanya kwa heshima. "Namsikia tu."

"Huwa anasahau kula akiwa na mechi." Alijifuta macho kwa leso. "Mwili haukupatikana, mwanangu. Tulizika mgomba wa ndizi, kama inavyofanywa, tukaulilia kama mtu. Lakini hakuacha mtoto, na hakuna mtoto wa ukoo aliyepewa jina lake. Watu wanaogopa jina la mtu aliyechukuliwa na maji. Sasa wewe unamwita kila wiki, tena unampa kazi. Ungekuwa yeye, usingekuja?"

Wabwile aliuliza afanye nini.

"Mwambie mechi imeisha. Ni wewe unafaa kumwambia, maana ni wewe ulimpanga." Aliingia ndani akarudi na filimbi nyeusi yenye kamba iliyochakaa. Siku ya mto, alisema, Mukhisa alikuwa na ile nyingine. "Na usimpigie kwa hasira. Ni mtoto wangu."

Jumamosi alasiri, mvua ikinyesha, Wabwile alisimama katikati ya ghala. Njumu zilikuja, na harufu. Alifuta mistari mia moja na kumi na mbili, mmoja mmoja, akilitamka jina kila mara. Ilimchukua saa nzima. Kisha akatoa disketi akaivunja, akaweka filimbi mdomoni akapuliza mara tatu, ya mwisho ndefu kadiri pumzi ilivyomtosha.

"Mechi imeisha, ndugu yangu," alisema. "Asante. Nenda nyumbani."

Njumu zilisimama. Halafu zikaanza kuondoka polepole kuelekea mlangoni, na alipodhani zimetoka, zikakawia kidogo kizingitini, kama mtu ambaye hajui nyumbani ni wapi. Kisha ikabaki mvua tu. Wabwile alikaa juu ya gunia akalia. Alilia kwa sababu amesalimika, na pia kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kunywa naye chai, na sitamficha msomaji hilo la pili.

Jumapili alimwachia Sally jiko la mafuta, akaenda Bumula moja kwa moja.

Mtoto alizaliwa Jumanne, wa kiume, mzima. Akaanza kulia. Alilia Jumanne yote, Jumatano yote, hakushika titi hata mara moja. Dawa ya zahanati aliitema. Alhamisi asubuhi sauti yake ilikuwa imekauka, na Nangila alikuwa amekaa kitandani akimtikisa, macho yake yale yale ya wakati wa Joy. Ndipo mama yake Wabwile akasema lile ambalo Mbukusu yeyote angelisema, kwamba mtoto analilia jina, kuna marehemu anayetaka kuitwa kwake. Akaanza kuyataja majina ya wazee wa ukoo waliolala, moja moja, kwa sauti ya chini. Wangila. Mtoto analia. Majina ya ujombani. Analia. Alitaja mpaka majina yakamwishia.

Wabwile alikuwa amesimama mlangoni. Alilijua jina. Alilijua tangu Jumanne. Akilitaja, yule mfu ambaye yeye alimfukuza Kitale angeingia na kukaa humu ndani maisha yote ya mwanawe. Asipolitaja, alikuwa anaona mwenyewe jinsi kifua kile kidogo kinavyochoka. Joy naye siku ya mwisho alinyamaza hivi, pole kwa pole.

"Mukhisa," alisema.

Mtoto alinyamaza. Akageuza uso, akalikamata titi, akanyonya kwa pupa. Nangila aliangua kilio, akicheka papo hapo.

"Huyo ni nani?" aliuliza. "Ni wa ukoo wenu?"

"Mtu niliyefanya kazi naye."

"Alikuwa mtu mzuri?"

"Alikuwa mpweke," Wabwile akasema.

Nangila alimvuta mkono, akamketisha kando yake kitandani. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Joy. Nje jua lilikuwa linawaka, hapakuwa na dalili ya mvua, lakini shuka lilinuka matope ya mto na dawa ya kuchua. Mtoto aliachia titi. Akafungua macho, akamtazama baba yake bila kupepesa, kisha akauinua mkono wake wa kulia na kukipapasa kifua chake, mara mbili.

Wabwile tayari alikuwa na manjano moja.