Orodha Iliyokwama Ndani ya Kompyuta

Kila siku baada ya masomo, Faridah alibadili sare, akala, akafagia kibaraza, kisha akaenda kumsaidia mama yake kazini. Mama Mwamvita alikuwa na chumba kimoja karibu na soko la Kasongo. Humo aliwachapia watu barua na orodha kwa kompyuta ya zamani, nzito, ambayo weupe wake ulikwisha kugeuka manjano. Umeme ulitoka kwenye jenereta ndogo nyuma ya nyumba. Jenereta ikinguruma tu, mtaa mzima ulijua, na watu wakaja mbio na simu zao zilizozimika.

Mama Mwamvita hakuwa mchoyo. Aliwawekea waya mrefu wenye soketi nne. Lakini alikuwa na sheria moja.

"Simu kwenye waya, sawa. Simu ndani ya mashine, hapana! Munasikia?"

Wiki hiyo alikuwa na mgeni. Mwalimu Hippolyte, mkuu wa shule ya msingi ya kijiji kimoja cha eneo la Wamaza, alikuwa amesafiri siku mbili kwa pikipiki. Alileta majina ya wanafunzi wake thelathini na wanne wa darasa la sita, ili yapelekwe ofisi ya elimu ya Kasongo kwa ajili ya mtihani wa mwisho. Orodha ilitakiwa iwe imechapwa, na nakala yake iwe kwenye flashi, kabla ya Alhamisi saa kumi. Orodha ikichelewa, wanafunzi wangengoja mwaka mwingine.

Jumatano alasiri majina yote yalikuwa yamekwisha kuandikwa na kuhifadhiwa ndani ya kompyuta. Mama Mwamvita alikwenda kuswali, Mwalimu Hippolyte akatoka kutafuta chakula. Wakati huohuo Naomie, rafiki wa Faridah, aliingia na simu ya kaka yake mkubwa, aliyemwita Yaya. Soketi zote nne zilikuwa zimejaa.

"Dakika tano tu, Faridah," alibembeleza. "Yaya atanigombeza!"

Kichwa cha waya wa kuchajia simu hiyo kilikuwa kimevunjika siku nyingi, kikafungwa kwa kipande cha bati na utepe mweusi. Faridah alitazama mlango, kisha akakisukuma kwenye tundu la USB la mbele ya kompyuta. Kilikataa. Akakilazimisha. Palisikika mlio mdogo, na taa nyekundu ya kipanya ikazimika. Faridah alichomoa waya haraka, akamrudishia Naomie.

"Nenda! Na usimwambie mutu."

Mama yake aliporudi, kipanya hakikusogea. Printa haikuitika. Flashi haikuonekana. Kibodi tu, yenye kichwa cha mviringo cha kizamani, ndiyo iliyofanya kazi. Majina yalionekana vizuri kwenye kioo, lakini hayakuwa na njia ya kutokea. Duka lingine la uchapaji lilikuwa limefungwa, kwa kuwa mwenyewe alikuwa amekwenda msibani, mji wa Nyangwe.

Faradji, fundi wa redio na simu pale sokoni, aliitwa. Aliuliza swali la kwanza ambalo kila fundi huuliza.

"Kuna kitu mulichomeka humu?"

"Hakuna mutu anagusa hii mashine, ni mimi na Faridah tu," Mama Mwamvita alijibu.

Wote wakamgeukia Faridah.

"Mimi sijui, Yaya Faradji. Ilikufa yenyewe."

Kompyuta haifi yenyewe kama kuku wa kideri, lakini Faradji alimwamini. Akaanza kazi ya kupapasa gizani. Alizima na kuwasha. Alijaribu matundu ya mbele na ya nyuma. Alileta kipanya kingine. Alipuliza vumbi, akafuta programu na kuziweka upya kwa kubofya kibodi peke yake. Alikuwa anatibu tumbo la mgonjwa anayeumwa jino.

Alhamisi Faridah alirudi kutoka shuleni saa nane. Jenereta ilikuwa kimya. Mama yake alikaa kitini, mikono kichwani. Faradji alikuwa anakusanya vyombo vyake.

"Nimeshindwa, Mama. Labda ubao wa ndani uliungua. Mashine itaenda Kindu, kwa mafundi wakubwa. Ni siku nyingi."

"Kindu! Na hawa watoto?"

Mwalimu Hippolyte alichukua karatasi nyeupe na rula.

"Nitaandika kwa mukono. Watakataa, najua. Lakini siwezi kurudi Wamaza bila kujaribu. Faridah, mutoto wangu, unisomee majina kwenye daftari."

Faridah akasoma. Jina la kwanza, la pili, la tatu. Kila jina lilimwia zito kuliko lililotangulia. Alipofika la tisa alisoma, "Feza Victoire, miaka kumi na mitano."

"Huyo," Mwalimu alisema bila kuinua kichwa, "mwaka jana alikosa mutihani, kijiji kilikuwa kimekimbia vita. Akikosa tena, baba yake atamuoza."

Faridah aliacha kusoma. Machozi yalidondoka kwenye daftari.

"Mama, ni mimi. Nilichomeka simu ya yaya wa Naomie. Waya ulikuwa mubovu."

Mama Mwamvita alifumba macho. Faradji aliruka kama aliyeamshwa.

"Huo waya uko wapi? Kimbia uulete!"

Faridah alikimbia hadi kwa kina Naomie na kurudi akihema. Faradji aligeuza kichwa cha waya: kipande cha bati hakikuwapo. Akamulika tochi ndani kabisa ya tundu la mbele.

"Njo hiki, ndiyo sababu! Bati linagusa shaba mahali hapafai. Mashine ikaona hatari, ikakata umeme wa matundu yote. Haikufa, ilikuwa inajilinda."

Alichomoa waya mkuu wa kompyuta na kutoa bati kwa kibano. Alichomoa waya wa ndani wa tundu lile bovu, akabonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe. Walingoja dakika kumi, na hakuna aliyejua kama ingetosha. Kisha kamba ya jenereta ikavutwa.

Taa nyekundu ya kipanya ikawaka.

"Alhamdulillahi," Mama Mwamvita alinong'ona, na printa ikaanza kukoroma. Saa kumi kasorobo Mwalimu Hippolyte alitoka mbio kwenda ofisini na karatasi na flashi. Aliporudi, nakala yake ilikuwa na mhuri.

Ndipo Mama Mwamvita alipomketisha binti yake.

"Kuchomeka ule waya lilikuwa kosa la dakika moja. Kunyamaza kwako kulidumu usiku na mchana, na njo kulitaka kuharibu maisha ya watoto wa watu. Mutu akificha ugonjwa, muganga atamusaidia namna gani?"

Faridah aliinamisha kichwa. Baadaye alimfuata Mwalimu Hippolyte, aliyekuwa anafunga mzigo wake kwenye pikipiki.

"Mwalimu, utamwambia Victoire kama ni mimi nilichelewesha jina lake?"

"Mimi nitamwambia jina lake limepokelewa," alijibu. "Hayo mengine utayaandika weye mwenyewe kwa barua. Andika sasa. Nakungojea."