Maiti Haiwashiwi Moto

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kazi nyingine yoyote, Murugi alimwosha miguu nyanya yake, aliyemwita Cucu. Alipasha maji jikoni, akayamimina katika karai, akapiga magoti sakafuni. Cucu Wakonyo alikuwa amepinda mgongo sana, hata hakuweza tena kufikia vidole vyake mwenyewe. Kuanzia magotini kushuka chini, ngozi yake ilijaa makovu madogo ya mviringo, kama vumbi lililopigwa na matone ya kwanza ya mvua. Yalikuwa makovu ya ndui. Murugi aliyafahamu yote, moja baada ya jingine.

Jumamosi hiyo, wiki mbili kabla ya Pasaka, mguu mmoja ulikuwa majini na mwingine mapajani mwa Murugi wakati mlango uliposukumwa. Hapakuwa na hodi. Aliyeingia alikuwa Mwalimu Kingori, aliyefundisha darasa la ubatizo katika kanisa lao pale Wamagana.

"Mama," alimwambia Cucu, "siku ya Pasaka nataka usimame mbele ya kanisa, useme jinsi ulivyokufa."

Murugi aliacha kuosha.

Habari za kufa kwa Cucu zilijulikana kilima kizima. Zamani, mwaka wa njaa kuu na ndui, Wakonyo akiwa msichana wa miaka kumi, alikufa. Baba yake alimpeleka vichakani, maana siku hizo wengi hawakuzikwa, waliachiwa fisi. Siku ya tatu yule msichana akarudi nyumbani, anatambaa. Tangu hapo watu walimwita Aliyefufuka. Cucu mwenyewe hakukana wala hakuongeza neno. Akiulizwa, alijibu tu, "Ndivyo walivyosema."

"Kwa nini sasa?" Cucu aliuliza.

"Kwa sababu ya Mutahi."

Mutahi alikuwa kijana wa kidato cha nne, amerudi likizo. Kila alasiri alikaa barazani pa duka akiwauliza wenzake maswali. Ati nani alimwona Yesu akitoka kaburini? Ati imeandikwa wapi, ukiacha Biblia?

"Vijana wananicheka machoni," Kingori alisema. "Bendera ya uhuru ina miaka minne tu juu ya mlingoti, nao wameshajiona hawahitaji Mungu. Wanataka ushahidi. Basi ushahidi wangu ni wewe."

Cucu aliutazama mguu wake ndani ya maji. "Mimi sijui kusema mbele ya watu."

"Mjukuu wako atasema. Si anabatizwa siku hiyo? Wewe utasimama tu, wayaone makovu." Kingori aliinama mlangoni, akatoka kama alivyoingia.

"Maji yamepoa," Cucu alisema.

Jumatano, darasani, Kingori aliwasimulia watoto kisa hicho tangu mwanzo. Jinsi baba alivyomwinua binti yake mikononi. Jinsi alivyomlaza chini ya mti, akamwashia moto, akamwekea kibuyu cha maji, akaondoka analia.

"Murugi, rudia. Utasema hivyo hivyo siku ya Pasaka."

Murugi alisimama. Hakuwa mtoto wa maneno mengi, lakini jambo moja lilikuwa likimsumbua tangu Jumamosi. Mwaka uliopita, mzee jirani yao alipofariki, wazee wa rika lake walisimama mbali, hakuna aliyemgusa, mpaka vijana wa kanisa walipokuja kumbeba. Cucu ndiye aliyemweleza sababu.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ndogo, "kama alikuwa maiti, baba yake asingembeba."

"Unasema nini?"

"Zamani maiti haikuguswa. Ilikuwa mwiko mkubwa. Mgonjwa akizidiwa alitolewa nje angali hai, asije akafia nyumbani. Halafu ule moto. Maiti haiwashiwi moto, Mwalimu. Wala haihitaji maji ya kunywa."

Theuri, aliyeketi nyuma yake, akacheka puani. "Kumbe! Basi baba ya cucu wako aliwatupia fisi mtoto aliye hai."

"Naye Murugi ni makombo yao," mwingine akadakia, na darasa zima likaangua kicheko.

Kingori hakucheka. Alifungua daftari la majina, akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya jina la Murugi. "Mutahi amekufundisha vizuri."

"Sijazungumza na Mutahi."

"Siku ya Pasaka utasema cucu wako alikufa akafufuka, nawe utabatizwa. Usiposema, utatoka nje ukakae na hao wenzako wanaotaka ushahidi."

Murugi alitembea kwenda nyumbani peke yake. Alikuwa amengoja ubatizo huo miaka miwili. Gauni jeupe lilikuwa tayari, limekunjwa sandukuni, na jina alikuwa ameshalichagua: Monicah, jina la mama yake, aliyefariki kabla ya kumwona akibatizwa. Tena alimwamini Yesu kwa moyo wake wote. Hakuelewa kwa nini alitakiwa aseme kitu kingine ili aaminike.

Alidhani Cucu angalau angemtetea. Lakini maneno yana miguu. Mama yake Theuri alikuwa ameshapita pale. Cucu alikuwa ameketi wima kadiri mgongo ulivyomruhusu, na macho yake yalikuwa makavu na makali.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna, Cucu. Nilifikiri tu."

"Ulifikiri. Baba yangu yuko kaburini miaka hamsini, nawe umemvua nguo mbele ya watoto wa watu. Toka machoni pangu."

Jumamosi iliyofuata Murugi alileta karai kama kawaida. Cucu aliuvuta mguu wake, akaufunika kwa kanga. Maji yalipoa hapo hapo, hayajaguswa.

Njiani kwenda kuteka maji, jina lilikuwa limeshampata. "Makombo ya fisi, umekula?" watoto walimwita kutoka upande wa pili wa kijito. "Fisi wanakusalimu." Aliyemkaribia kwa tabasamu alikuwa Mutahi peke yake.

"Nasikia umemfunga Kingori mdomo," alisema. "Hoja yako ni safi. Iseme hivyo hivyo Pasaka, tuwaumbue wote."

"Sikuisema kwa ajili yako," Murugi alijibu. "Mimi naamini."

"Unaamini bila ushahidi?"

Murugi aliharakisha hatua, na nyuma yake akamsikia Mutahi naye akicheka. Sasa walikuwa wamemcheka wote, wa upande huu na wa upande ule.

Siku ya Pasaka kanisa lilijaa hadi mlangoni. Watoto kumi na wanne walisimama mbele, wamevaa meupe. Mutahi na wenzake wawili waliegemea ukuta wa nyuma, mikono mifukoni.

"Murugi," Kingori alisema, "waeleze watu yaliyompata cucu wako."

Cucu alikuwa ameketi benchi la mbele la wanawake, fimbo katikati ya magoti, uso umeinama. Murugi aliona jinsi ingekuwa rahisi. Maneno manne tu: Cucu alikufa, Cucu akafufuka. Angepata jina la mama yake. Cucu angempa tena mguu wake auoshe.

Alifungua mdomo.

"Mimi sikuwako," alisema. "Siwezi kusema alikufa."

Manung'uniko yalipita kanisani kama upepo katika mahindi makavu. "Mtoeni huyo," mwanamke mmoja alisema. Kingori alinyoosha kidole kuelekea mlangoni. Murugi akaanza kutembea, na watu walivuta miguu yao ili gauni lake lisiwaguse.

Alikuwa amefika katikati aliposikia fimbo ikigonga sakafu.

"Mwacheni," Cucu Wakonyo alisema.

Alisimama polepole, ameshika mgongo wa benchi. "Mtoto amesema kweli. Sikufa."

"Mama," Kingori alisema, "baba yako mwenyewe alisema ulikufa."

"Angesema nini? Alikuwa na watoto wengine watano, na ndui ilikuwa ndani ya nyumba. Alinibeba nikiwa hai. Nilimwita. Aligeuka, akanitazama, akaenda zake. Nilipotambaa mpaka nyumbani alijificha nyuma ya ghala, hakuweza kuniangalia. Watu wakasema nimefufuka, nami nikanyamaza. Nilinyamaza miaka sabini. Niliona afadhali mimi niitwe Aliyefufuka kuliko baba yangu aitwe mtupa watoto."

"Basi ndivyo," Mutahi alisema kutoka nyuma. "Hakuna anayefufuka."

Cucu alimgeukia. "Kijana, wewe ulikuwako kaburini kwa Yesu?"

"La."

"Nami pia sikuwako. Basi tupunguze makelele, mimi na wewe."

Watu kadhaa walicheka, na Mutahi akatoa mikono mifukoni.

"Yaliyonipata nayajua," Cucu aliendelea, "nami nimeyasema. Ya Yesu sikuyaona. Nayaamini, na nitakufa nikiyaamini. Wale wanawake waliporudi kutoka kaburini, wanaume waliwaona wapuuzi, lakini hawakuongeza chumvi ili waaminiwe. Walisema waliyoyaona, basi." Alimtazama Kingori. "Mwalimu, ulitaka kuitegemeza nyumba ya Mungu kwa nguzo yangu, na nguzo yangu ilikuwa imeliwa na mchwa. Kosa si lako peke yako. Mimi ndiye niliyekuwa najua." Kisha akawageukia watoto waliovaa meupe. "Nanyi sikieni. Ulichokiona, sema umekiona. Unachokiamini, sema unakiamini. Usivichanganye hata mtu akikupa gauni jeupe. Imani haiombi msaada wa uongo."

Kingori hakuomba radhi. Uso wake ulikuwa bado mgumu alipofungua daftari, akalitazama lile jina lililokatwa. Wino haufutiki. Mwishowe alishuka hadi mwisho wa ukurasa, akaliandika upya, chini ya majina mengine yote. Alipolifikia katika kuwaita watoto, aliliwekea kidole.

"Monicah Murugi," alisoma.

Jumamosi iliyofuata, Murugi alipasha maji. Hakuwa na hakika, lakini aliweka karai mahali pake na kungoja. Cucu alifunua kanga, akaweka mguu mmoja ndani ya maji, kisha wa pili.

"Nilikunyima mguu wangu," alisema. "Sikukukasirikia wewe. Nilikasirika kwa kuwa uliona kwa siku nne jambo nililolificha miaka sabini."

"Pole, Cucu."

"Usiseme pole. Uliutaja ule moto. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiufikiria." Murugi aliendelea kuosha, kovu baada ya kovu. "Fisi walikuja usiku wa kwanza na wa pili. Nilikuwa nikiyaona macho yao. Hawakusogea, kwa sababu moto haukuzima. Alikuwa ameburuta gogo zima la mti mgumu, akalisukuma motoni. Gogo la namna ile mtu mmoja analiburuta kwa taabu, Murugi. Miaka yote nilikumbuka mgongo wake ukienda. Sikukumbuka gogo."

Nje, jua lilikuwa limefika kizingitini. Cucu aliutazama mlango ulio wazi kama anayemtazama mtu anayeogopa kuingia.

"Baba," alisema kwa sauti, "niliona moto wako. Nimekusamehe."