Parachichi kwa Kifaransa

Mwalimu wa Kifaransa alifika sokoni watu wakiwa wamejaa, amevaa gauni la njano lililomkaa vizuri kiunoni, akaomba karoti moja, kitunguu kimoja, chungwa moja na parachichi moja. Muuza matunda alimtazama kuanzia viatu hadi hereni.

"Dada, una mgeni au una sungura?"

Mwalimu akacheka. Akaeleza kuwa vitu vile ni vya darasani. Wanafunzi wake walichoshwa na chakula cha kwenye picha, alitaka wakishike, wakinuse, ndipo wakitaje kwa Kifaransa. Muuza matunda akainua parachichi, akauliza hilo linaitwaje.

"Avocat. Ile t ya mwisho huisomi. Sema avoka."

Alipolitamka lilimtoka kama chafya. Mwalimu akacheka mpaka akashika meza. Tangu siku hiyo muuza matunda akawa Avoka, na walipokuwa wawili tu, Avoka wangu.

Mapenzi yakashika moto. Kila jioni akifunga genge simu iliita, akafundishwa maji, maziwa, mkate, jibini, naye akarudia huku akinawa udongo wa viazi. Siku moja mama yake mwalimu alipiga simu wakiwa wote gengeni. Mwalimu akamwambia mama atulie, Avoka atakuja kujitambulisha mwisho wa mwezi. Muuza matunda alisikia kwa masikio yake mwenyewe. Akamwambia shangazi yake, aliyemlea, ajiandae kupeleka posa. Akashona suti ya kijivu. Shangazi akaanza kumwita bwana harusi hata alipomtuma chumvi.

Mwisho wa mwezi ukapita. Mwalimu akasema mama anaumwa.

Kisha akaagiza kikapu cha matunda kwa ajili ya somo. Muuza matunda alikipeleka mwenyewe, na suti yake mwilini, akaketi nyuma ya darasa. Mwalimu aliinua tunda moja moja, wanafunzi wakataja. Ilipofika zamu ya parachichi darasa zima likasema avoka, naye kule nyuma akatabasamu kama ameitwa yeye.

Msichana wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Madamu, kamusi inasema avocat ni wakili pia. Ni neno hilo hilo?"

Mwalimu akasita. Akasema ndiyo, ni hilo hilo, sasa twende kwenye vinywaji.

"Kumbe. Yule wakili anayekuja kukuchukua na gari, tulikusikia ukimwita Avoka, tukadhani unamtania."

Darasa likaangua kicheko. Muuza matunda hakucheka. Alitoa simu, akapiga. Simu ya mwalimu ikatetemeka mezani, kando ya kikapu. Akaenda mpaka mbele, akasoma kioo.

Avocat 2.

Nje ya darasa mwalimu alilia. Alisema wakili aliletwa na mama, moyo wake yeye uko sokoni. Kuhusu moyo hakudanganya. Lakini siku ile ya parachichi wakili alikuwa tayari kwenye simu yake, tayari na jina hilo, na alimpa muuza matunda jina lile lile ili ulimi usije ukamponza. Hilo alilipanga akiwa na akili zake timamu.

"Mama yako alikuwa anamngoja nani?"

"Yeye."

"Shangazi yangu ameshawaambia majirani," akasema, akaondoka. Kikapu alikiacha.

Mvua zilipokwisha mwalimu alirudi sokoni na gauni lile la njano. Alisema wakili ameshamwacha, mama amenuna, na yeye hajali. Muuza matunda aliendelea kupanga nyanya. Usiku alikuwa bado anaitafuta sauti ya mwalimu kwenye simu, ila hilo hakumwambia.

"Basi niuzie avoka moja," mwalimu akasema, akijaribu kutabasamu.

Muuza matunda akachagua lililoiva, akalibonyeza kidogo kama anavyombonyezea mteja yeyote, akalifunga kwenye gazeti.

"Hapa tunaita parachichi, dada," akasema, akamgeukia mteja mwingine aliyekuwa akisubiri nyuma ya mwalimu.