Bakteria Wema wa Kidosho

Mama Kidosho alikuwa fundi cherehani. Alishonea sebuleni, karibu na dirisha. Bintiye mdogo, Kidosho, alicheza chini na vipande vya vitambaa.

Mama huyu alichukia vijidudu kupita kiasi. Mtoto akipiga chafya tu, alimpa vidonge vya antibiotiki vilivyobaki kabatini.

Safari hii Kidosho alipata mafua, akapewa vidonge hivyo. Mafua yalipungua, lakini akaanza kuharisha. Kufikia jioni Kidosho alikuwa amelegea. Midomo ilimkauka. Hata vitambaa hakuvitaka.

Mama alimpigia simu dada wa mumewe, muuguzi wa zahanati.

"Wifi, njoo! Mtoto ananiponyoka!"

Wifi alifika mbio. Wakamkimbiza mtoto zahanati. Akanyweshwa maji maalumu ya chumvi na sukari, kijiko baada ya kijiko. Mama alimshika mkono. Mwishowe Kidosho akafumbua macho.

"Mama, mkojo."

Mama alilia kwa furaha. Wifi akacheka. "Sasa maji yameingia mwilini! Haya, niambie. Ulimpa nini?"

"Antibiotiki."

"Nani alikuandikia?"

Mama aliinamisha kichwa. "Mimi mwenyewe."

"Haya, daktari! Mafua huletwa na virusi. Antibiotiki haziwezi kuua virusi. Zinaua bakteria, wabaya na wazuri."

"Bakteria wazuri? Wifi, acha utani."

"Sitanii. Wamejaa utumboni. Wanashika nafasi, wale wabaya wanakosa pa kukaa. Wanasaidia ukuta wa utumbo uwe imara. Tena wanaongea na askari wa mwili, zile chembe za kinga."

"Wanaongea?"

"Kwa njia yao. Wengi wa askari hao wanakaa utumboni. Bakteria wazuri wanawazoesha kazi: huyu adui, mpige, hiki chakula, kiache."

Mama alishusha pumzi. "Kumbe nimewafukuza walinzi wa mwanangu."

"Watarudi taratibu. Mpe mboga, matunda na maharage, ndicho chakula chao. Akipata nafuu, mpe na mtindi wenye bakteria hai, uliotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa. Ila mtindi si dawa. Akiugua, mlete apimwe. Daktari akimwandikia antibiotiki, mpe kama alivyoelekeza."

Kidosho alipona. Mama alipeleka vidonge vilivyobaki duka la dawa, vikateketezwe. Kila asubuhi alimpa mtoto kikombe kidogo cha mtindi. "Kunywa bakteria wako, mama," alimwambia. Mtoto alikunywa mpaka akapata masharubu meupe.

Siku moja Baba Kidosho, fundi wa kuchomelea vyuma, alirudi nyumbani na mafua.

"Mama Kidosho, vile vidonge viko wapi?"

"Havipo. Kunywa maji, upumzike. Ukizidiwa, tutakwenda zahanati."

"Kwa hiyo niteseke?"

"Mwili wako una askari. Waache wafanye kazi."

Baba alinung'unika kama mtu anayeaga dunia. Lakini mafua yakaisha yenyewe. Alipoamka mzima, njaa ilimuuma. Akafungua friji, akakuta kikombe kidogo, akachukua kijiko.

"Mama!" Kidosho alipiga kelele. "Baba anakula bakteria wangu!"

Baba akabaki na kijiko mdomoni, hajui ameze au ateme.