Anwani Iliyobaki

Bisha basi, wewe mwenye vyeti! Mimi fundi simu niliikimbia shule, lakini hili hukufundishwa.

Rafiki yangu Mrefu hutuma barua pepe za matangazo za kampuni ya magodoro. Watu walizichoka, wakaziripoti, zikawa zinaangukia kwenye folda ya barua taka. Bosi akamfokea: "Futa kila anwani isiyofungua barua zetu, la sivyo kazi huna!"

Akafuta mpaka ikabaki moja, inayofungua kila barua papo hapo. Ni ya marehemu mama yake, ambaye jeneza lake nililibeba mimi, tena mbele.

Jana alikuja kibandani kwangu na kompyuta yake ya mkononi.

"Ifute, kaka," nikamwambia. "Wafu hawanunui magodoro."

"Namtumia ya mwisho."

Alipotuma tu, umeme ukakatika. Ndani ya giza kikasikika kitu: ti-ti.

"Simu za wateja wako hizo," akasema. Akaifuta anwani, akaondoka akilia.

Sikumwambia Mrefu, na wewe nilikuficha: iliyolia ni simu ya mama yake, aliyoniachia niitengeneze. Betri niliitoa zamani. Na tangu amfute, haijanyamaza.